Ramani za kata na hali za maisha jijini Tanga: zinaonyesha nini hasa?

Mwanachuo wa Chumbageni ameuliza:

Wanajukwaa, habari za jioni. Wakubwa wangu, shikamooni.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu tofauti za hali za maisha ndani ya Jiji la Tanga, na njia niliyoichagua ni ya ramani. Idadi ya watu na kaya nimeipata katika majedwali ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo yanafika hadi ngazi ya kata. Viashiria vingine, yaani chanzo cha maji, aina ya sakafu, umiliki wa baiskeli au pikipiki na uanachama katika vikoba, vimetokana na dodoso nililolijaza kwa simu katika kaya nilizozitembelea, na kila kaya ina alama ya mahali ilipo. Nimeviunganisha vyote katika programu huria ya kuchora ramani, QGIS, kisha nikazipaka kata rangi kuanzia iliyofifia kwa hali nafuu hadi iliyokoza kwa hali ngumu.

Picha iliyojitokeza ni ya kuvutia. Kata za katikati ya mji zimefifia, na kata za pembezoni kama Tongoni, Kirare na Chongoleani zimekoza karibu zote. Nilipoweka juu yake tabaka la pili, lenye idadi ya magenge, vibanda na meza za biashara nilizozihesabu, niliona kwamba penye vibanda vingi hali ni nafuu na penye vibanda vichache hali ni ngumu. Nikaandika kwamba biashara ndogo ndiyo inayoinua maisha ya kaya katika jiji letu.

Msimamizi wangu amesoma sura hiyo na kunirudishia kwa swali moja: ramani hii imeonyesha kitu gani ambacho jedwali lisingekionyesha? Sijapata jibu linaloniridhisha. Naomba msaada wenu, hasa wenye uzoefu wa upimaji na wanaoujua mji huu kuliko mimi. Je, hitimisho langu linasimama? Na je, ninaruhusiwa kuambatisha ramani ya nukta za kaya zenyewe mwishoni mwa tasnifu, ili msomaji ajionee?

Mpimaji wa Zamani amejibu:

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekutendea haki, na swali lake lina uzito kuliko linavyoonekana.

Nianze na macho, kwa sababu macho ndiyo yanayodanganywa kwanza. Kata ya Tongoni ni pana na ina watu waliotawanyika, ilhali Ngamiani Kati katika ramani yako ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, na imejaa watu. Ukizipaka rangi zote mbili, msomaji ataliona eneo na si watu, na atafunga kitabu akiamini kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa Tanga wanaishi katika ile rangi iliyokoza. Ukitaka kuzungumzia watu, weka juu ya kila kata duara ambalo ukubwa wake unafuata idadi ya kaya, halafu rangi ya duara ndiyo ieleze hali. Utashangaa jinsi ramani hiyo hiyo, kwa takwimu zile zile, inavyotoa simulizi nyingine.

La pili ndilo zito zaidi. Kata ni mpaka wa utawala, haikuchorwa ili itenganishe wenye nacho na wasio nacho. Chukua Pongwe: ndani ya mpaka mmoja kuna watu wa kiwanda cha saruji na biashara zinazokizunguka, kuna walioko kando ya barabara kuu, na kuna wakulima walio mbali nayo. Wastani wa Pongwe haumhusu hata mmoja wao. Mipaka hiyo ikivutwa upya, wastani unabadilika bila mtu yeyote kuhama wala kupata au kukosa shilingi. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walilionyesha jambo hili kwa kutumia wilaya 99 za jimbo la Iowa, Marekani: walichukua uhusiano kati ya wingi wa wazee na kura za chama cha Republican, wakaziunganisha wilaya hizo katika makundi makubwa kwa namna mbalimbali, na wakapata majibu yanayoanzia karibu na hasi moja, yaani kimoja kikizidi kingine kinapungua, hadi karibu na chanya moja, yaani vyote vinazidi pamoja. Takwimu hazikuguswa, kilichobadilika ni mistari tu.

Hapa kwetu huhitaji kwenda Iowa. Anayelinganisha Wilaya ya Bagamoyo ya sensa ya 2012 na ya sensa ya 2022 ataona watu wamepungua kutoka zaidi ya laki tatu hadi laki mbili na kidogo, na asipokuwa mwangalifu ataandika aya nzima kuhusu watu kuhama pwani, kumbe Chalinze imeondolewa na kuhesabiwa peke yake. Mkoani kwetu Kilindi ilikatwa kutoka Handeni, na Mkinga kutoka Muheza. Kabla ya kulinganisha miaka, hakikisha unalinganisha eneo lile lile.

Sasa hitimisho lako la vibanda. Umeona uhusiano kati ya kata na kata, ukauhamishia kwa kaya. Mwaka 1950 mwanasosholojia William Robinson alionya dhidi ya hatua hiyo hiyo kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yaliyokuwa na wahamiaji wengi kutoka nje ndiyo yaliyokuwa na watu wengi wanaojua kusoma na kuandika, lakini mhamiaji mmoja mmoja alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujua kusoma kuliko mzaliwa wa nchi. Wahamiaji walikwenda kuishi katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma, basi. Na wewe je, unajua kwamba wenye vibanda vya Ngamiani wanalala Ngamiani?

Jambo dogo la ufundi, nalo nalitaja kwa sababu limewaumbua wengi. Ikiwa mipaka uliyoitumia imenakiliwa kutoka ramani za zamani za 1:50,000, huenda imo katika Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, wakati simu yako inarekodi kwa mfumo mwingine, WGS 84. Ukiweka moja juu ya nyingine bila kuzigeuza, nukta zako zitahama karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Katika Marungu hutalitambua kosa hilo. Katika Ngamiani utakuwa umezihamisha kaya mitaa kadhaa, na huko Raskazone utazikuta nyumba za watu zikielea baharini. Geuza kila kitu kiwe katika mfumo mmoja unaopima kwa mita, yaani UTM kanda ya 37 Kusini, kabla ya kupima umbali wowote.

Bin Pangani amejibu:

Naungana na Mzee Mpimaji, ila ningependa kuongeza kwamba rangi hizo zina umri mkubwa kuliko sensa yoyote.

Reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyopona safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, na kutokana na reli hiyo, mashamba yakajipanga kuelekea bara kupitia Muheza na Korogwe, kwa sababu singa za mkonge ni mzigo unaohitaji reli na bandari. Wakati wa Waingereza, wenye mashamba waliunda mwaka 1944 shirika la kuajiri vibarua lililojulikana kama SILABU, likawa linasomba watu kutoka mikoa ya mbali. Wajukuu wa watu hao bado wapo katika makambi ya zamani, wengi wao wakiwa katika ardhi ambayo hati yake haikuwahi kuwa yao. Mwanachuo akitoka nje ya jiji na kuweka tabaka la mipaka ya mashamba ya mkonge, ya zamani na ya sasa, juu ya ramani ya vijiji vya Muheza, ataona jinsi vijiji vilivyobanwa katikati ya mashamba, na pengine ataelewa umaskini wa ardhi kuliko dodoso la sakafu linavyoweza kumweleza.

Ndani ya mji ni vivyo hivyo. Raskazone, penye upepo wa bahari, palitengwa kwa maofisa wa Kizungu. Katikati palikuwa na ofisi na maduka. Ng'ambo ya reli ilipimwa Ngamiani kwa ajili ya Waafrika, kwa mistari iliyonyooka na barabara zilizopewa namba, hata leo mtu akikuelekeza anakwambia yupo barabara ya kumi na ngapi na huhitaji maelezo zaidi. Mgawanyo huo wa kisheria ulikwisha, lakini ukubwa wa viwanja, upana wa njia na mahali mabomba makuu yalipopita havikuondoka pamoja nao. Kwa hiyo, kabla ya kusema kitu fulani kinasababisha hali nafuu katikati ya mji, mtafiti ajiulize ni kiasi gani cha unafuu huo kilishawekwa ardhini kabla ya wakazi wa sasa kuzaliwa.

Kuhusu kizio cha ramani, napenda mfano wa Charles Booth wa London. Ramani zake za umaskini, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1889, hazikupaka rangi parokia wala wilaya. Zilipaka rangi mtaa kwa mtaa, kuanzia nyeusi kwa waliohesabiwa kuwa wa chini kabisa hadi njano kwa matajiri. Hukumu zake juu ya maskini zilikuwa za kikatili, hilo halifichiki. Lakini kwa sababu alishuka hadi kwenye barabara, ramani yake iliweza kuonyesha jambo ambalo wastani wa wilaya usingelionyesha kamwe: barabara pana ya wenye nafasi, na nyuma yake, hatua chache tu, kichochoro cha mafukara. Tanga tunazo sehemu za namna hiyo. Tembea kutoka barabara kubwa ya Makorora uingie ndani, utaniambia.

Mama Sahare amejibu:

Mimi si mtaalamu wa ramani. Nauza samaki na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama, na dodoso za namna hii tumejaza nyingi. Ningependa mwanangu mwanachuo aelewe kitu kimoja.

Sensa ilituuliza tulilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Swali hilo ni sahihi kwa kazi yake, lakini riziki haipatikani kitandani. Njoo soko la samaki la Deep Sea alfajiri wakati ngalawa na mashua zinaingia. Utawakuta wanunuzi wa jumla wenye mizani, utawakuta vijana wa baiskeli wenye matenga nyuma, na utatukuta sisi tunaonunua kwa fungu, kila mtu na ndoo yake, tukisubiri mnada ushuke. Asubuhi ikikucha vizuri soko linapungua watu. Kijana wa baiskeli anapita Mikanjuni na Mabawa akipiga kelele za samaki, na anaweza kufika hadi Mabokweni. Mwenzangu anakwenda kukaanga na kuuza jioni penye meza yake Ngamiani, lakini usiku anarudi kulala Tongoni, kwa sababu huko ana nyumba yake mwenyewe na si ya kupanga. Katika ramani yako, mama huyu amehesabiwa mara mbili na hajaonekana hata mara moja: meza yake imeifanya Ngamiani ionekane ina biashara, na sakafu yake ya udongo imeifanya Tongoni ionekane maskini.

Umesema pia kwamba umeuliza kuhusu vikoba. Kikundi chetu kina wanachama wa kata kadhaa, na tunakutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja kwa kuwa ana ua mkubwa. Fedha zinawekwa hapo, lakini zinakwenda kufanya kazi kwingine. Ukipaka rangi ua huo utakuwa umepaka ua tu.

Kwa hiyo ongeza swali moja katika dodoso lako: unapofanya kazi ni wapi, na unafikaje huko. Watu watakujibu bila kinyongo, kwani ni swali lisilomvunjia mtu heshima. Wanaloogopa ni kuulizwa kipato, na hapo watakudanganya kwa adabu zote.

Mlinzi wa Takwimu amejibu:

Alichokieleza Mama Sahare kimo pia katika kisa ambacho wanafunzi wa ramani hufundishwa mwaka wa kwanza, ingawa mara nyingi hufundishwa nusu. Wengi wanaikumbuka ramani ya kipindupindu ya Daktari John Snow, London, mwaka 1854, yenye vifo vilivyosongamana kuizunguka pampu ya Broad Street. Lakini Snow alikwisha kuchapisha mwaka 1849 hoja yake kwamba ugonjwa husambazwa na maji, na ushahidi wake wenye nguvu ulitoka kwa wale walioivuruga ramani. Nyumba ya kutunzia maskini iliyokuwa jirani na pampu ilikuwa na wakazi zaidi ya 500, na walikufa watano tu, kwa sababu ilikuwa na kisima chake. Na mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali kabisa, alikufa kwa sababu aliyapenda maji ya Broad Street na alikuwa akipelekewa chupa kila siku. Nukta ya nyumba yake isingesema chochote. Kilichosema ni njia ya yale maji.

Sasa swali lako la kuambatisha nukta za kaya. Jibu langu ni hapana, usifanye hivyo. Nukta ya nyumba ikiwa pamoja na jibu la mtu kuhusu mali yake ni taarifa binafsi hata kama hukuandika jina, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini. Ngamiani yenye namba za barabara, na sasa hata anwani za makazi, jirani yeyote atajua nukta hiyo ni ya nani. Watafiti wakubwa wenyewe hawatoi nukta halisi. Tafiti za DHS, yaani tafiti za idadi ya watu na afya, ikiwamo ile ya Tanzania ya mwaka 2022, huhamisha kwa makusudi alama ya kila eneo la sampuli hadi kilomita 2 kwa mijini na hadi kilomita 5 kwa vijijini, na sehemu ndogo ya zile za vijijini huhamishwa hadi kilomita 10.

Hilo lina onyo la pili kwako, ikiwa unafikiria kuchukua takwimu hizo kujazia mapengo. Kilomita 2 katika Tanga ni safari ya kutoka Ngamiani hadi karibu kila mahali pa katikati ya mji, kwa hiyo nukta hizo haziwezi kukwambia lolote kuhusu mtaa. Vivyo hivyo, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, uliotupatia kile kiwango cha umaskini cha asilimia 26.4 kwa Tanzania Bara, ulipangwa utoe majibu hadi ngazi ya mkoa. Anayeushusha hadi kata moja kwa moja anaipa takwimu mzigo usio wake.

Mwanachuo wa Chumbageni ameandika:

Nawashukuru sana, na ninachukua yote. Nukta za kaya zinaondoka. Nimeongea na msimamizi kuhusu swali la Mama Sahare, naye amekubali nirudi kwa kaya zile zile niulize mahali pa kazi na njia ya kufika, kisha nichore mistari kutoka makazi hadi kazini, kwa kujumlisha mtaa kwa mtaa na si kaya kwa kaya.

Limebaki swali moja la ufundi, Mzee Mpimaji. Nimepanga kupima umbali wa kila mtaa kutoka Soko la Ngamiani ili nione kama hali za maisha zinafuata umbali huo. Programu inanipa umbali wa mstari mnyoofu kwa sekunde chache. Je, unatosha?

Mpimaji wa Zamani amejibu:

Kwa Duga au Mwanzange utatosha kwa kiasi. Kwa Chongoleani hautoshi kabisa. Fungua ramani yako uitazame ghuba: mstari wako unakata maji ya bahari kutoka mjini hadi ng'ambo, na programu inakwambia Chongoleani ni jirani. Mtu wa Chongoleani anayekwenda sokoni kwa gari anazunguka kupitia barabara ya Horohoro, Mabokweni na Amboni, akiizunguka ghuba yote. Na ukitumia umbali huo wa mstari, utaandika kwamba kuna kata iliyo karibu na mji lakini maskini, utaanza kutafuta sababu za kijamii, na sababu yenyewe ni maji yaliyopo katikati.

Pakua mtandao wa barabara wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambao kwa Tanga unafaa kuanzia, lakini uuhakiki kwa macho huko pembezoni, kwa kuwa njia nyingi za miguu hazimo. Pima umbali kwa kufuata barabara. Bora zaidi, geuza umbali uwe muda na nauli, kwa sababu anayekwenda kwa baiskeli, anayepanda daladala na anayelipa bodaboda hawako mbali na soko kwa kiasi kimoja hata kama ni majirani wa mlango kwa mlango. Nauli waulize makondakta na madereva wenyewe, za asubuhi na za jioni.

Halafu kumbuka kwamba Chongoleani ndiko bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linakoishia. Chochote utakachokipima huko sasa, andika mwezi na mwaka wa kupima pembeni ya ramani kwa herufi zinazosomeka. Kazi za ujenzi huleta vibanda, wapangaji na nauli mpya, na mtafiti atakayekuja baada yako atahitaji kujua kama ulipita kabla au baada ya hayo.

Mama Sahare ameandika:

Na wanaovuka kwa mashua je? Usiwasahau. Waulize pale wanaposhukia, si majumbani kwao.